Mke Adaiye Talaka Arudi Wapi?

Hesabu za Serikali ya Indonesia zaonyesha kwamba katika mwaka 2022 ndoa za Waislamu zipatazo 516,000 zilivunjwa mahakamani. Katika hizo, zaidi ya 388,000 zilivunjwa kwa ombi la mke. Maana yake ni kwamba katika kila ndoa nne zilizokwisha, tatu zilikwisha kwa sababu mwanamke aliondoka kwake, akaenda mahakamani, akasema: Nimechoka, nataka haki yangu.

Hesabu hii imezua maneno mengi. Wako wasemao kwamba wanawake wa siku hizi wamekosa subira, wamesoma mno, wamepata kazi, na sasa hawamwogopi mtu. Wako na wengine washangiliao, ati kila hati ya talaka ni ushindi. Sisi hatuoni kwamba hesabu peke yake yatosha kumhukumu mtu, wala kumshangilia. Swali lenye maana ni lile ambalo mfanya kazi yeyote akaaye chumba cha kupanga angeliuliza mara moja: Mke huyu akisha kupewa hati yake, usiku ule alala wapi?

Ili kulijibu swali hilo yafaa tuitazame sehemu moja ya Indonesia ambayo jibu lake ni tofauti na la sehemu nyingi za dunia. Sehemu hiyo ni nchi ya Minangkabau.

Minangkabau iko magharibi mwa kisiwa cha Sumatra, katika jimbo ambalo mji wake mkuu ni Padang. Mwaka 2020 jimbo hilo lilihesabiwa kuwa na watu milioni 5 na nusu. Wenyeji wake ni Waislamu, wala Uislamu wao si wa jina tu, maana wametoa masheikh waliofundisha hata katika Msikiti Mtukufu wa Makka. Hata hivyo ukoo wao huhesabiwa kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, si wa baba yake. Msomaji wetu wa Tunduru au Masasi, aliyekulia kati ya Wayao au Wamakua, hatastaajabu kusikia hayo. Yeye ajua uzito wa neno mjomba. Wenyeji wa Minangkabau humwita mjomba kwa jina la mamak, na mamak ndiye mwangalizi wa wapwa zake na wa mali ya ukoo.

Mali hiyo ni mashamba ya mpunga, na nyumba kubwa ya ukoo yenye paa lililopinda juu kama pembe za nyati. Hairithiwi na watoto wa mwanamume. Hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na desturi hukataza kuiuza ila kwa dharura kubwa. Mwanamume aoapo huenda kwa mkewe. Zamani alikuja baada ya sala ya Isha akaondoka alfajiri, na mchana kutwa alilima mashamba ya mama yake na dada zake. Katika nyumba ya mke alikuwa mgeni mheshimiwa, lakini mgeni. Wenyewe wana msemo kwamba mume wa namna hiyo ni kama jivu juu ya kisiki: upepo ukivuma kidogo tu, latoweka.

Basi ndoa ilipokwisha, aliyetoka ni mwanamume na nguo zake. Mwanamke alibaki katika nyumba ya mama yake, na shamba lake lilikuwa palepale. Hapana mtoto aliyehama kitanda. Hapana mama aliyezunguka na mzigo kichwani akitafuta ndugu wa kumpokea. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka: mwanamke wa Minangkabau alikuwa na paa.

Huenda mtu akauliza, Je, desturi hii yapatanaje na dini? Wao wenyewe wameliuliza swali hilo kwa zaidi ya miaka 200, na mara nyingine kwa damu. Mwaka 1803 mahujaji walirudi kutoka Makka wakataka kuzisafisha desturi za nchi. Jambo hilo likazaa vita kati ya watu wa dini na watu wa mila. Mwaka 1821 Wadachi wakaingia kati, na vita havikwisha mpaka ngome ya Bonjol ilipoanguka mwaka 1837. Baadaye Sheikh Ahmad Khatib, mzaliwa wa nchi hiyo aliyekuwa imamu wa madhehebu ya Shafii huko Makka na kufariki mwaka 1916, aliikemea vikali namna yao ya kurithi. Lakini nyumba ya mama haikuanguka. Mwaka 1952 wazee wa koo na maulamaa walikutana katika mji wa Bukittinggi wakakubaliana hivi: mali ya kale ya ukoo iendelee kufuata mila, na mali ambayo mtu ameichuma kwa jasho lake igawanywe kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu. Kanuni yao yasema kwamba mila yasimama juu ya sheria, na sheria yasimama juu ya Kitabu. Hivyo wasemao kwamba Uislamu na haki ya mwanamke juu ya nyumba haviwezi kukaa pamoja, na waende Bukittinggi wakatazame.

Lakini tusiipambe picha hii kupita kiasi. Paa peke yake halikutosha. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa Indonesia kama yanavyofuatwa katika pwani yetu, neno la talaka li mdomoni mwa mume. Na wanaume wa Minangkabau ni wasafiri wakubwa. Kwao, kijana kuondoka kwenda kutafuta maisha ugenini ni sehemu ya kuwa mtu mzima. Wako waliokwenda wakarudi na mali, na wako waliokwenda wasirudi, wala barua wasilete, wala talaka wasitoe. Mke aliyeachwa namna hiyo alikuwa na nyumba na chakula, lakini hakuwa na mume, wala hakuwa huru kuolewa na mwingine. Watu wa nchi hizo husema kwamba mwanamke huyo ameangikwa bila kamba. Alikuwa na pa kulala, ila hakuwa na mlango wa kutokea.

Dini haikumsahau mtu huyo. Iko khului, ambayo kwayo mke hujikomboa kwa kurudisha mali. Iko fasakhi, ambayo kwayo kadhi huivunja ndoa kwa sababu kubwa. Na iko taaliki, yaani talaka iliyofungwa kwa sharti. Hii ya tatu ndiyo iliyotia mizizi Indonesia. Hata leo karibu kila bwana harusi Mwislamu, akisha kufunga ndoa, husoma mbele ya mashahidi ahadi iliyoandikwa na kuitia sahihi. Ahadi yenyewe ni hii: nikimwacha mke wangu miaka miwili mfululizo, au nisipompa masurufu kwa miezi mitatu, au nikiuumiza mwili wake, au nikimpuuza kwa miezi sita, naye asiporidhika akashtaki mahakamani, na mahakama ikakubali, na akalipa fedha kidogo za fidia, basi talaka moja imemwangukia. Fidia hiyo iliwekwa kuwa rupia 10,000 mwaka 2000, kiasi ambacho hata mchuuzi wa sokoni aweza kukitoa. Tazama hekima iliyomo. Mume mwenyewe, kwa ulimi wake, siku ya furaha yake, amkabidhi mkewe ufunguo.

Serikali nayo ikaja na sheria zake. Sheria ya Ndoa Nambari 1 ya mwaka 1974, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba, 1975, ilisema kwamba talaka haiwezi kutoka ila mbele ya mahakama, baada ya mahakama kujaribu kuwapatanisha wenye ndoa na kushindwa. Sheria Nambari 7 ya mwaka 1989 ilizipa nguvu mahakama za dini. Mwaka 1991 ulitolewa Mkusanyo wa Sheria ya Kiislamu, uliotaja wazi sababu ambazo kwazo mke aweza kushtaki: uzinzi, ulevi, kamari, kuachwa miaka miwili, mume kufungwa miaka mitano, ukatili, ugomvi usiokwisha, na kuvunjwa kwa ile ahadi ya taaliki. Mkusanyo huo ulisema pia kwamba mali iliyochumwa pamoja igawanywe nusu kwa nusu.

Sasa turudi kwenye hesabu tuliyoanza nayo, tuisome vizuri kama mhasibu aaminiwaye asomavyo daftari.

Kwanza, hesabu ile ni ya Indonesia nzima. Ndani yake wamo Wajava, ambao ni wengi kuliko wote, na ukoo wao hauhesabiwi kwa mama peke yake. Basi hatuwezi kusema kwamba ni ukoo wa mama unaowafanya wanawake washtaki. Wanawake wa Java nao washtaki.

Pili, mume Mwislamu atakaye kumwacha mkewe, naye yampasa kwenda mahakamani. Lakini wengi hawaendi. Huondoka tu. Huoa mahali pengine kwa siri, au hukaa mjini bila habari, wakamwachia mke kazi ya kutafuta wakili, mashahidi na nauli. Mwanamke huyo ahitaji hati, maana bila hati hawezi kuolewa tena kwa halali, wala kuandikishwa kuwa mkuu wa nyumba yake. Basi daftari la mahakama laandika kwamba mke ndiye aliyedai talaka, na kweli ndiye. Lakini ndoa ilikuwa imekwisha kuvunjwa na mwingine zamani. Mara nyingi mwenye kushtaki ni yule aliyepewa taabu ya kuizika maiti ambayo hakuiua.

Tatu, sababu zinazoandikwa mahakamani kwa wingi ni ugomvi wa daima, na inayofuata ni mahitaji ya maisha. Maneno haya mawili ni ya haya. Nyuma ya neno ugomvi yaweza kujificha kofi, mke wa pili, au mshahara ulioishia kwenye kamari. Mwanamke akiisha kupata neno moja linalomfungulia mlango, hana haja ya kuyamwaga yote mbele ya watu.

Kama hesabu hiyo si ya Minangkabau peke yake, basi tofauti ya Minangkabau iko wapi? Tofauti iko asubuhi ya siku ya pili. Mwanamke mwenye nyumba ya mama yake hurudi kwake, au tuseme hakuwahi kutoka. Kwa sababu hiyo hata ndani ya ndoa sauti yake ni nyingine. Mume ajuaye kwamba mkewe ana pa kwenda hupima maneno yake. Mume ajuaye kwamba mkewe hana pa kwenda, yeye hupima tu nguvu ya mkono wake.

Mfano wa haya tunao. Rahmah el Yunusiyah alizaliwa Padang Panjang, katika nchi hiyo ya Minangkabau, mwaka 1900. Aliolewa mwaka 1916, na mwaka 1922 yeye na mumewe wakaachana. Katika nchi nyingi mwanamke wa umri ule, aliyeachika bila mtoto, angelihesabiwa kuwa amekwisha. Yeye mwaka uliofuata, 1923, alifungua shule ya dini ya wasichana, Diniyah Putri, ambayo ingaliko mpaka leo. Mwaka 1957 Chuo cha Al-Azhar cha Misri kilimpa cheo cha Sheikha, heshima ambayo mwanamke hakuwahi kupewa kabla yake. Kuachika hakukumfukuza katika nchi ya mama yake. Alikuwa na mahali pa kusimama, na kutoka hapo akajenga.

Lakini paa lile sasa lavuja. Wanaume wa Minangkabau hawasafiri tena peke yao, huenda na wake zao na watoto. Wako Jakarta, Medan na Pekanbaru, katika vyumba vya kupanga, wakiuza nguo au wakipika chakula cha Kipadang kilichosifika nchi nzima. Katika chumba kile, mke si binti wa ukoo tena. Ni mpangaji, na risiti ya kodi mara nyingi ina jina la mume. Nyumba ya mama yake iko mbali, na shamba la mpunga limegawanyika kati ya dada na mabinti wengi hata halitoshi kumlisha mmoja. Na hata kijijini wako wajomba waliosahau kwamba wao ni waangalizi tu, wakaliweka rehani au kuliuza lisilo lao. Yako pia mashauri ya nyumba ya matofali ambayo mume ameijenga kwa fedha zake juu ya ardhi ya ukoo wa mke. Ardhi haigawanyiki, maana ni ya ukoo, na nyumba ni nusu kwa nusu, maana wameichuma pamoja. Hakimu ataikataje nusu ya nyumba?

Basi mwanamke wa mjini ahitaji zaidi nguvu ya sheria, kwa kuwa paa limepungua. Je, sheria yampa nini? Hapo ndipo penye mashaka. Kwa miaka mingi ilikuwa kwamba mume akiomba kutoa talaka, huamriwa kumpa mke masurufu ya eda na kitulizo. Lakini mke akidai talaka, hutoka mikono mitupu, kana kwamba kudai haki ni kosa lenye faini. Kanuni ya watumishi wa Serikali ya mwaka 1983, iliyorekebishwa mwaka 1990, yaonyesha fikira hiyo waziwazi. Mtumishi akimwacha mkewe hukatwa sehemu ya mshahara kwa ajili ya mke na watoto. Lakini mke akiwa ndiye aliyetaka kuachana, yeye hukosa sehemu yake, isipokuwa kama sababu ni kuolewa mke mwenziwe, uzinzi, ukatili, ulevi, kamari au kuachwa miaka miwili.

Mahakama ya Juu ya Indonesia imeanza kulirekebisha jambo hili. Mwaka 2018 ilielekeza kwamba hata mke aliyeshtaki aweza kupewa masurufu ya eda na kitulizo, maadamu hakuwa mwasi. Mwaka 2019 ikaongeza kwamba hukumu yaweza kuamuru malipo hayo yatolewe kabla mume hajachukua hati yake ya talaka. Agizo hili ni dogo kwa maneno lakini kubwa kwa kazi, maana mume atakaye kuoa tena aihitaji ile hati.

Lakini mwaka 2023 Mahakama hiyo hiyo ilielekeza kwamba dai la talaka kwa sababu ya ugomvi lisikubaliwe mpaka mume na mke wawe wamekwisha kukaa mbalimbali kwa miezi sita, isipokuwa kama kuna ukatili wa nyumbani. Nia yake ni njema, yaani kuzuia haraka. Lakini turudie swali letu. Mwanamke wa kijijini Minangkabau aweza kukaa mbali na mume miezi sita bila kununua hata mkeka. Mwanamke wa chumba cha kupanga akae wapi miezi sita hiyo? Sharti moja, lililoandikwa sawa kwa wote, lamwangukia mmoja kama unyoya na mwingine kama jiwe.

Watatuambia kwamba tunatetea talaka. Hatutetei talaka. Uislamu wenyewe waihesabu kuwa halali isiyopendeza, na watoto hawapati faida katika nyumba iliyobomoka. Tunalokataa ni ule uzushi kwamba ndoa huimarishwa kwa kumnyima mmoja mlango. Nyumba inayosimama kwa sababu mke hana nauli ya kuondoka, hiyo si ndoa, ni kifungo kisicho na hukumu. Na kwa wale watakao kurudi kwenye mila peke yake twasema: ikumbukeni kamba isiyokuwako. Mila ilimpa mwanamke paa ikamsahau juu ya hati. Na kwa wale watakao sheria peke yake: hati hailaliwi, wala haipikwi.

Mambo haya hayako mbali nasi. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ilimpa mke haki sawa na mume ya kuomba talaka mahakamani, baada ya kupita katika baraza la usuluhishi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ijapokuwa bibi huyo mwenyewe hakuongezewa kitu. Na kusini mwa nchi yetu wako Waislamu ambao mjomba wao bado ana neno, na ambao binti zao hawakuzoea kuhesabiwa kuwa wageni katika ardhi ya mama zao. Ardhi hiyo ipimwapo na kuandikwa, na iangaliwe sana jina linaloandikwa. Kwa mstari mmoja wa wino karani aweza kuliondoa paa ambalo vizazi vingi vimelishikilia.

Basi anayetaka kujua kama wanawake wa mahali fulani wana uhuru katika ndoa, asihesabu hati za talaka tu. Aende akaulize mambo mawili. Mlango wa mahakama uko wazi kwa asiye na fedha? Na mwenye kutoka katika mlango huo, anayo nyumba ambayo hakuna awezaye kumfukuza? Wanawake wa Minangkabau walianza na nyumba wakaupata mlango. Wengi wa wake za wafanya kazi, huko na huku, wameupata mlango, nao bado waingojea nyumba.